Sura ya Nne: Mkono Mrefu wa Chuo

Pengine hakuna kosa linalotendwa na wanafunzi wengi zaidi katika vyuo vikuu vya Tanzania kuliko lile ambalo wenyewe wanaliita kubebana. Mwanafunzi aliyepangiwa kitanda bwenini anamkaribisha mwenzake aliyekosa, wanalala mzungu wa nne au mmoja anatandika godoro sakafuni, na gharama ya chumba wanagawana. Sheria inakataza. Mlinzi wa lango anajua, msimamizi wa bweni anajua, ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi inajua, na Makamu Mkuu wa Chuo, kama naye alisoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huenda aliwahi kubeba au kubebwa. Mara moja moja hupigwa msako wa alfajiri, watu wakatolewa na magodoro yao kichwani, kisha baada ya muda mambo yakarudi yalivyokuwa. Vitanda havitoshi, na hakuna kanuni iliyowahi kuzaa kitanda.

Naanza na kubebana kwa sababu kunaonyesha jinsi sheria za chuo zinavyopaswa kusomwa. Ukizisoma kijitabuni utapata picha moja. Ukitazama nani aliadhibiwa, kwa haraka gani, na nani aliachwa apite, utapata nyingine kabisa. Nimeifuata hiyo ya pili katika historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nilichokiona ni hiki: mwanafunzi akiwaudhi walio juu yake, adhabu humfikia kabla ya jua kuchwa. Akimuumiza anayelala chumba cha pili, faili huanza kutafutwa.

Kijitabu chenyewe hakina maajabu. Mamlaka ya kutunga sheria ndogo za wanafunzi yanatokana na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, na kwa Mlimani pia na Hati Idhini ya 2007. Orodha ya makosa inafanana karibu kila chuo: wizi, kupigana, ulevi, kelele za usiku, kupikia chumbani, kuharibu mali, kumkaidi kiongozi wa chuo, kuitisha mkutano au mgomo bila kibali, kulichafua jina la taasisi. Adhabu nazo zinapanda ngazi kwa ngazi: onyo, faini, fidia, kuondolewa bwenini, kusimamishwa masomo, kufukuzwa. Mwaka wa kwanza anapewa haya yote siku za kujisajili, wakati akili yake iko kwenye bumu, yaani fedha za kujikimu, litaingia lini, akayatia kwenye begi na huko yakabaki.

Udanganyifu wa mtihani una njia yake na sitakaa hapo. Anayekamatwa na karatasi kwenye chumba cha mtihani anashughulikiwa na vyombo vya taaluma hadi Seneti, na kwa Mlimani akithibitika amefanya hivyo anaondolewa masomoni. Wanafunzi wenyewe wanatofautisha vizuri. Kudisko ni kufeli, jambo linaloweza kumpata mtu yeyote na likasimuliwa kwa kicheko miaka ikipita. Kutolewa kwa sababu ya karatasi hakusimuliwi.

Turudi nyuma. Tarehe 22 Oktoba 1966 ilikuwa Jumamosi. Wanafunzi wa Mlimani, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliungana na wenzao wa vyuo vingine vya jijini wakaandamana hadi Ikulu, wengine wakiwa wamevaa majoho ya kitaaluma. Walikuwa wanapinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa. Msomi alitakiwa kutumikia miaka miwili: miezi mitano hivi kambini, na muda uliobaki afanye kazi yake ya kawaida kwa asilimia 40 ya mshahara. Bango moja liliwaambia viongozi kwamba afadhali enzi za ukoloni. Katika nchi iliyokuwa haijatimiza hata miaka mitano ya uhuru, hilo bango lilitosha.

Mwalimu Nyerere aliwapokea, akasikiliza tamko lao, kisha akajibu. Wanaosimulia siku ile wanasema alikasirika kweli, na hasira yake ilihama kutoka kwa wanafunzi ikaenda kwenye mishahara ya tabaka zima la wakubwa, wa kwake ukiwemo. Akatangaza palepale kuupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Wanafunzi akawaamuru warudi makwao. Karibu 400 waliondolewa, sehemu kubwa ya Watanzania waliokuwa chuoni, wakasafirishwa chini ya ulinzi hadi mikoani kwao, wakakae na wazazi ambao wengi wao hawakuwahi kuuona mshahara ambao watoto wao waliona haufai kukatwa. Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata. Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha, na wapo wanahistoria wanaoihesabu Jumamosi ile kuwa mojawapo ya njia zilizolifikisha taifa hapo. Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo Samuel Sitta, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge kuanzia 2005 hadi 2010.

Kwa upande wa hoja, mimi nasimama na Mwalimu. Kijana aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima wa pamba alikuwa na ujasiri wa ajabu kwenda kulalamika kwamba atalipwa pungufu. Lakini tazama utaratibu. Hakuna kamati ya nidhamu iliyokaa. Hakuna mwanafunzi aliyeandikiwa hati ya mashtaka wala aliyeulizwa kama bango lile lilikuwa lake. Kosa lilitajwa na hukumu ikasomwa katika uwanja mmoja, ndani ya saa chache, na aliyesoma hukumu ndiye aliyekosewa.

Hapa sheria ina neno la zamani sana. Mwaka 1723 mahakama ya Uingereza ilikiambia Chuo Kikuu cha Cambridge kimrudishie Richard Bentley shahada kilizomvua bila kumpa nafasi ya kujitetea, na mmoja wa majaji akakumbusha kwamba hata Mungu, aliyejua kila kitu, alimwita Adamu kwanza ajieleze ndipo akamtoa bustanini. Kanuni hiyo tuliirithi pamoja na mahakama zenyewe, na leo imo katika Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a): haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa. Anayeitwa leo mbele ya kamati ya nidhamu anatakiwa aambiwe kosa lake kwa maandishi, apewe muda, alete mashahidi. Mwaka 1966 Adamu hakuitwa.

Kilichofuata kiliendelea kwa mtindo uleule, na kila mara kilichoadhibiwa kilikuwa na jina la mwenyewe juu yake. Mwaka 1969 wanafunzi walianzisha gazeti la Cheche, jina walilolichukua kwa Iskra la Lenin. Lilikuwa la kurudufu, maandishi yake yamefifia, lakini wahariri walijulikana na makala zilijadiliwa nje ya nchi. Novemba 1970 likafungwa, pamoja na chama chao cha kimapinduzi cha USARF ambacho Yoweri Museveni aliwahi kukiongoza. Sababu iliyotolewa ni kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha, na kwamba jina lenyewe la gazeti lilinukia ujamaa wa kuazima. Hawa walikuwa vijana waliokuwa wanaulilia ujamaa kuliko hata serikali iliyowafungia.

Julai 1971 ikawa zamu ya Symonds Akivaga, Mkenya, rais wa chama cha wanafunzi, DUSO. Kosa lake lilikuwa barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, ikilalamikia namna uongozi unavyoendesha mambo bila kuwashirikisha wanafunzi. Barua ilikuwa kali, haikuwa na adabu nyingi, na ilikuwa na saini. Askari wa FFU, kikosi cha kutuliza ghasia, walimchukua mchana mbele ya wenzake, akarudishwa Kenya. Chuo kikasimama. Wahadhiri nao walikutana wakaungana na wanafunzi kudai arudishwe, na mjadala kuhusu nani mwenye chuo ukaendelea kwa miezi. Akivaga alikuja kufundisha sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Machi 1978 waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Yaani walikuwa wanasema kwa wakubwa kile ambacho Mwalimu aliwaambia wao miaka 12 iliyotangulia. Haikuwasaidia. Wanafunzi wapatao 350 wakafukuzwa, kisha wakasamehewa baadaye, na DUSO ikazikwa. Mahali pake pakawekwa MUWATA, chombo kilichokuwa chini ya mbawa za chama tawala.

Sasa jiulize: kijana wa Mlimani wa mwaka 1980 mwenye jambo la kusema alisemee wapi? Gazeti limefungwa, chama kimefungwa, barua yenye saini imemletea mwenzake karandinga. Kilichobaki ni ukuta.

Ukuta ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliitwa Mzee Punch. Hakuna aliyemjua, ndiyo ilikuwa nguvu yake. Alikuwapo tangu miaka ya 1970. Alitoka usiku na kubandika michoro na maandishi, na asubuhi watu wakienda kunywa chai walisimama kusoma. Mwanzoni, wanaomkumbuka kwa wema wanasema, alikuwa na manufaa: alimchora mkubwa wa chuo tumbo mbele, alimfichua kiongozi wa wanafunzi aliyekula fedha, alimkejeli mhadhiri aliyesoma daftari lilelile miaka kumi. Naamini. Dhihaka ni mali ya pwani hii na bara lake, na jamii zetu nyingi zilimpa mtani ruhusa ya kusema asichoweza kusema mwingine.

Lakini mtani unamjua. Anakutania mchana, na kesho atakuja msibani kwako. Mzee Punch hakuwa na uso, na asiye na uso hapati hasara kwa kukosea. Taratibu, shabaha ikashuka kutoka kwa wakubwa, ambao wangeweza kuleta polisi, ikatua kwa wasioweza kuleta mtu yeyote. Akawa mzee wa kuwaandama wanafunzi wa kike. Msichana aliyemkataa fulani alichorwa. Aliyeonekana na mwanamume kutoka mjini alichorwa. Aliyefaulu kupita kiasi aliulizwa hadharani amefaulu kwa njia gani. Kulikuwa na lugha yake: mtu "anapunchiwa". Aliyepunchiwa alitengwa, kwa amri iliyobandikwa ukutani, na aliyeonekana anaongea naye, au anayejaribu kuichana karatasi, alijiweka kwenye foleni ya kuchorwa yeye. Wasichana walikuwa wachache chuoni. Wengine waliacha kwenda kafteria, wakala walichopata chumbani.

Soma tena orodha ya makosa niliyoitaja. Kelele za usiku zimo. Kuharibu mali ya chuo kumo, na gundi ukutani ni uharibifu. Kulichafua jina la mtu lilikuwa kosa hata nje ya lango, kwa sheria ya nchi. Kamati ilikuwapo, na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ilikuwapo. Kwa miaka karibu ishirini Mzee Punch alihesabiwa kuwa utamaduni wa Mlimani, kitu cha kuhadithiana kwenye mahafali. Serikali iliyoweza kuwafukuza mamia ya wanafunzi kwa bango moja haikuweza kumtambua mtu anayechora kila wiki katika majengo yaleyale, huku huenda wenzake wa chumbani wakimwona ananawa rangi mikononi.

Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike alikatisha uhai wake. Alikuwa amesumbuliwa na wanafunzi wa kiume na kuandamwa kwa vitisho vya Mzee Punch, na malalamiko yalikuwa yamefika kwa waliopaswa kuyashughulikia. Jina lake linajulikana na limo vitabuni. Mimi sitaliandika, kwa kuwa kosa alilotendewa lilikuwa hilohilo la kuandikwa na watu wasiomjua. Wahadhiri wanawake walipaza sauti, na Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, kilichokuwa na miaka michache tu tangu kianzishwe, kikalitoa jambo nje ya kuta za chuo. Mzee Punch akapigwa marufuku. Ikaonekana, kumbe, kwamba inawezekana kumpiga marufuku.

Mei ya mwaka uleule serikali ikafunga chuo kizima kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi waliotaka kuzungumza na Rais Mwinyi kuhusu hali ya elimu na chuo chao. Milango haikufunguliwa hadi mwaka uliofuata. Sisemi mgomo ule ulikuwa mdogo, wala sisemi serikali haikuwa na haki ya kukasirika. Nahesabu miezi tu: kati ya kifo cha msichana yule na kufungwa kwa chuo ilipita mitatu, na kwa muda huo mfupi dola ikaonyesha nguvu ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikitumika dhidi ya ukuta.

Kuna watakaosema nalinganisha visivyolingana, kwamba mgomo huonekana na matusi ya usiku hayaonekani. Ni kweli, maandamano yana umati, yana kiongozi, yana saa ya kuanza. Unyanyasaji una watu wawili na mlango uliofungwa. Lakini hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama chuo kisingekuwa kimetumia miaka ishirini kufundisha kizazi baada ya kizazi kwamba anayeweka jina lake ndiye anayeumia. Akivaga alisaini akapakiwa garini. Wahariri wa Cheche walijulikana wakafungiwa. Mzee Punch hakusaini chochote, akazeeka kwa amani.

Sheria ya nchi ilibadilika kabla ya tabia za chuo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, ambayo TAMWA na wanaharakati wengine waliipigania, iliutaja unyanyasaji wa kijinsia kuwa jinai. Mwaka 2007 Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ikaja na kifungu cha 25, kinachomhusu mwenye mamlaka anayetumia nafasi yake kudai ngono. Mhadhiri mwenye mtihani wa kusahihisha ni mwenye mamlaka. Wanafunzi walikuwa na majina ya jambo hilo zamani sana kabla ya Bunge, na namba za ofisi pia.

Mwaka 2018 ulileta visa viwili vinavyofaa kuwekwa kando kwa kando. Machi, kiongozi wa mtandao wa wanafunzi, Abdul Nondo, alipotea Dar es Salaam akaonekana mkoani Iringa, kisha akashtakiwa kwamba alitoa taarifa za uongo kuhusu kutekwa kwake. Chuo kikamsimamisha masomo kesi ikiwa bado mbichi. Novemba mahakama ikamwachia huru. Masomo aliyoyakosa hayakuwa kwenye hukumu.

Novemba hiyohiyo Rais Magufuli alikwenda Mlimani kufungua maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China. Mhadhiri wa sanaa za maonyesho, Dk. Vicensia Shule, aliandika Twita kumwambia Rais kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni hapo. Siku chache baadaye vyombo vya habari vikaripoti kwamba kuna mtu ameitwa na chuo kuhojiwa. Aliyeitwa alikuwa yeye.

Haki inataka niseme kwamba jambo lile halikuishia kwenye barua ya wito. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ilikuja kufanya utafiti kuhusu rushwa ya ngono Mlimani na Chuo Kikuu cha Dodoma, vyuo vikafungua madawati ya jinsia, na mabango yenye namba za simu yakabandikwa karibu na lifti na vyoo. Kuta zimepata kazi ya maana. Mzee Punch naye hakufa kabisa. Amehamia kwenye makundi ya WhatsApp na akaunti zisizo na jina, ambako picha ya msichana wa mwaka wa pili inazunguka kozi nzima kabla hajatoka darasani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhusu, na safari hii ana namba ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Kumpata ni kazi ya mchana mmoja kwa anayetaka kumpata.

Kinachobaki kuwa kigumu ni kalenda. Shahada nyingi ni miaka mitatu. Mwanafunzi anayenyanyaswa muhula wa tatu huchukua muhula mwingine kupata ujasiri wa kuandika. Barua inapokelewa, inagongwa muhuri, inasubiri kamati. Wajumbe ni wahadhiri wenye vipindi, akidi haitimii, mitihani inaanza, likizo inaingia, shahidi anakwenda mafunzo kwa vitendo Mtwara. Kikao kikipangwa tena, mlalamikiwa anaomba muda wa kujiandaa, na ni haki yake. Hilo ndilo tulilowakosesha wale wa 1966. Kamati ikiahirisha mara mbili, mlalamikaji amehitimu, yuko nyumbani anatafuta kazi, na nauli ya kuja kutoa ushahidi hana.